Padi ya Ombui

Kontena la bluu, kwa Chelagat, nyuma ya kinu cha posho
pale Kaptembwo. Shilingi kumi mchezo mmoja.
Vumbi jeupe la Nakuru lilipenya chini ya mlango
likatua kwenye kioo cha televisheni
hata ule mji wa gemu ukafanana na kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Ombui sita.
Agizo la mama: ukienda, nenda na mdogo wako.
Shilingi zilikuwa kumi, si ishirini.

Basi nikampa padi ya pili.
Ncha ya waya nikaikalia.

Niliiba gari jekundu. Nikapanda nalo ukingoni mwa barabara
walipopita wale watu wasio na majina:
mwenye kofia, mwenye mfuko wa karatasi,
mama wa gauni la njano, aliyetembea mwendo uleule kila siku
kama mtu anayerudi kutoka mkesha.
Walianguka. Walififia. Kona ya mbele
walikuwapo tena, wakitembea. Ungesema nini? Nilicheka.

Ombui, ulimi nje, vidole vikibonyeza vitufe vilivyokufa,
alishika padi kama mwenye usukani.
"Pole, mzee," aliiambia televisheni.
"Pole, mama."
Watoto kwenye benchi wakaangua kicheko
wakambatiza Padri.

Jumamosi ya tatu alisukuma sahani. Ugali, sukuma, vyote.
Mama akamgusa paji la uso: homa hakuna.
"Tumeua watu wanne," akasema.
"Yule wa njano mara mbili."

Na mimi nilikuwapo. Papo hapo, upande wa pili wa koroboi,
tonge mkononi. Neno moja lingetosha:
si wewe.
Nilitafuna.

Alipiga magoti akawaombea. Majina hakuyajua,
akawataja kwa nguo zao.
Bwana, mwenye kofia. Bwana, mwenye mfuko.
Alipofika kwenye gauni la njano mama aliitikia amina
akidhani ni jirani.

Baadaye nilimuuliza katekista Onsongo kama ni dhambi
kumgonga mtu wa kuchorwa. Akauliza nilihisi nini.
Nikasema, sikuhisi kitu.
Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Habari ya waya sikumwambia.

Sasa Ombui anaendesha gari la wagonjwa, Molo hadi Nakuru,
na hata king'ora kikilia hupunguza mwendo kwenye kivuko.
Desemba iliyopita, tukichuna mbuzi, nilimwambia.
Kisu hakikusimama.
"Niliuona waya," akasema. "Siku ya pili tu."
Nikamuuliza, basi pole zile zote zilikuwa za nini,
na kule kukataa chakula, na Bwana mwenye kofia?
"Shika mguu huu vizuri," akasema.
Kisha, akiifuata ngozi kwa ncha ya kisu:
"Si walikuwa wameanguka?"

Kontena halipo tena. Pamesimama duka la simu.
Mimi husali alfajiri, vidole vikibonyeza rozari
punje kwa punje,
na kuna siku mkono hunitoroka
ukapapasa chini ya paja
kabla sijasema amina.