Kuanguka kwa Mshahara

Ghorofa ya nne, Bukaresti, theluji inayeyuka juu ya mabomba,
na Ilinca anaanguka.
Tangu saa tatu asubuhi ameanguka mara sitini na moja.
Chai yake haijapoa.

Ndiyo kazi. Wengine huuza viatu.
Yeye humpandisha mtu wa koti jekundu
hadi ukingoni, akamsukuma,
akaandika: amevunjika inavyotakiwa.
Au: mguu wa kushoto umezama ndani ya jiwe hadi gotini,
naomba mguu urudishwe.

Eneo lenyewe linaitwa Taya.
Vilele kumi na vitatu, kila kimoja na jina la jino:
Gego Kuu, Gego Bovu,
Pengo, ambapo kilele hakipo na upepo hupita ukipiga mluzi,
na Chonge, chembamba, cheusi, kinachodunga wingu
kama sindano inayotafuta jipu.

Chini ya Chonge kuna jiwe, na juu ya jiwe maneno
aliyoyatunga Tiberiu wa meza ya dirishani,
akayafuta mara tisa:

     Mpandaji shika kamba, usishike majivuno,
     Theluji yake si pamba, ubaridi wake meno,
     Waliokwenda kutamba, wamebakia mfano,
     Mifupa yao filimbi, upepo waipuliza.

“Filimbi za mifupa?” bosi aliuliza. “Watoto watacheza huu.”
“Ndiyo maana,” alisema Tiberiu.

Huko kuna barafu inayobeba mtu mmoja, si wawili,
na haisemi ni yupi.
Kuna kunguru wasiogusa nyama; wao hula kamba.
Kuna ukungu unaoiga sauti ya mwenzako,
huku, njoo huku, pananyooka huku,
na unaiga vizuri hata kikohozi chake.
Ilinca amekufa kwa hayo yote kabla ya chakula cha mchana,
kisha akala, mkate na jibini, akitazama paa la jirani.

Baba yake, Gavril, kule Karpati,
alikuwa mtu wa kuwafuata waliopotea.
Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki mlimani.
“Nimeukopesha,” husema. “Riba inapanda.”
Jumapili hupiga simu.
“Bado unaanguka?”
“Bado.”
“Wanakulipa?”
“Wananilipa.”
“Basi umenishinda.”

Alhamisi, ofisi imebaki na mlio wa friji tu.
Uso wa kaskazini wa Chonge, anguko la themanini na nane:
koti jekundu linateleza, linapinduka, linagonga mwamba,
na halivunjiki.
Limeketi.

Ni ubao wa jiwe, upana wa makalio mawili.
Haupo kwenye ramani. Hakuna aliyeuchora.
Upepo, ulioandikiwa kuvuma kila mahali,
hapo haufiki; kuna mstari mtu aliusahau,
labda mtoto wake alikuwa na homa, labda alisinzia.
Joto la mwili linapanda kidogo kidogo, nukta baada ya nukta.
Chini kabisa, taa za kijiji
kisichofikika, kilichopakwa rangi ili umbali uwe na kitu.

Fomu inangoja: Aina ya kosa. Uzito wa kosa.
Hatua za kulirudia.
Anajua wataliziba kesho, kabla ya saa sita,
na hakuna atakayekumbuka kwamba liliwahi kuwa jambo.

Alipokuwa na miaka tisa alimuuliza baba,
wale uliowakuta hai, walifanya nini?
Gavril alikuwa akimenya kiazi kwa vidole vyake saba.
Alimenya hadi mwisho.
“Waliketi,” alisema. “Walipata pa kuketi.”

Ilinca anaandika:
Chonge, kaskazini. Nimeanguka. Hakuna la kuripoti.

Anavaa koti lake la kijivu, anazima taa.
Kioo hakuzima.
Mtu mwekundu ameketi gizani, anatoa pumzi nyeupe,
anangoja mchana ambao nao, pengine,
mtu alisahau kuuandika.