Chupa ya Mbudya

Boti ya saa nne ilitushusha Mbudya na kapu la chapati.
Shangazi Tusajigwe akakanyaga mchanga, viatu mkononi,
kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Kwao Rungwe kuna Ngosi,
ziwa lililokaa ndani ya mlima kama uji bakulini.
Unapanda msituni, magoti yanalia, unafika,
unanyamaza,
wala hakuna aliyekwambia unyamaze.

Hapa vijana wa Tegeta wanarushiana mpira majini,
mtoto analilia koni, ngisi wanachachatika kwenye mafuta,
na maji hayakai: yanakuja, yanaghairi, yanakuja tena.
"Haya nayo yana haraka ya kwenda wapi?"

Akachota kiganja. Akaonja. Akatema.
Akacheka hadi wimbi likamlowesha kitenge,
akazidi kucheka.

Tulipoitwa kurudi alikuwa amepiga magoti
anajaza chupa tupu ya soda.
"Mama Ambwene hataamini chumvi hii.
Ataonja mwenyewe."

Sasa ni usiku, Kunduchi. Shangazi anakoroma.
Chupa iko dirishani,
mchanga kidogo umetua chini.
Nimeitazama muda mrefu, nikingoja ighairi.
Imetulia tu,
kama ya kwao.