Viatu vya Kinanda

Mama alikuwa na jozi mbili za viatu:
vya mpira, vya kukanyagia theluji ya Dakota,
na vyeusi, soli nyembamba kama karatasi ya Biblia,
vilivyolala kanisani chini ya benchi la kinanda
miaka arobaini na mitatu, bila kuonja vumbi la barabara.

"Mguu lazima usikie," alisema,
"kama kiganja kisikiavyo homa kwenye paji la mtoto."

Kila Jumamosi alimenya viazi hadi saa tano za usiku.
Sufuria kumi na moja, niliwahi kuzihesabu.
Alizifunga taulo, akazipanga nyuma ya gari
kama watoto wachanga,
akawaendea wajane waliotawanyika kati ya maghala ya ngano,
upepo ukisukasuka milango,
yeye akipiga mluzi sauti ya pili ya tenzi.
Ya pili tu. Ya kwanza, alisema, kila mtu anaijua.

Sikumwelewa siku zote, niseme kweli.
Siku ya mahafali yangu alikuwa mazikoni,
ya Halvor Bakke, aliyemsengenya miaka saba
kwa ajili ya uzio.
Hakuna aliyetaka kumpigia. Mama akavaa vile viatu,
akampigia beti zote sita, hakuruka hata mmoja.
Nilimjia juu. Akanijibu akifungua kamba:
"Maiti hadaiwi na kinanda."

Orrin, kijana wa kina Lindquist, alifundishwa naye
kwa malipo ya mayai, trei moja kwa mwezi;
baridi ilipozidi na kuku wakagoma,
alifundishwa kwa ahadi.

Leo Orrin ndiye anayempigia yeye.
Ubeti wa pili, kidole kikateleza,
na kanisa zima, naapa, tukakaza masikio
tukingoja kile kikohozi chake kidogo
cha kusema: rudia.

Hakikuja.
Orrin akarudia hata hivyo.

Watu walipokwenda kunywa kahawa
nikavitoa chini ya benchi, nikavijaribu.
Vinabana. Nikavirudisha.

Nyumbani, ndani ya friji, imebaki sufuria moja,
mwandiko wake juu ya plasta:
*Bi. Thorsrud. Bila chumvi.*

Theluji imefika kwenye vioo vya gari.
Natafuta koleo,
na viatu vya mpira.