Safu ya Maelezo

Tuliikata chupa ya lita shingo,
tukaipindua shingo ikawa faneli,
tukabandika rula kwa selotepu.
Hicho ndicho kipimamvua chetu, hapa Mukuru.

Wa chekechea huchora mawingu tu.
Mawingu yao yana miguu. Siwakosoi.
Gredi ya Nne husoma, saa mbili kamili:
usiinue chupa, Mutheu, inama wewe.
Gredi ya Nane hujumlisha, hugawa,
hugombania desimali.

"Mwalimu, tabianchi si ndiyo hali ya hewa?"
Mkate uliokopa leo kwa Mama Nyaboke,
hiyo ni hali ya hewa.
Tabianchi ni daftari lake zima,
miaka thelathini, kurasa zimegandamana kwa mafuta.
Wakacheka. Wote wamo humo.

Jumatatu ile ya Aprili
maji yalikuwa yamepita rula, yakamwagika.
Tuandike nini?
Kimya.
Odiero, sare ya kuazima, mikono imemzidi,
akasimama, akaweka kiganja
chini kidogo ya kwapa.
"Kwetu yalifika hapa."

"Hiyo si mvua, ni mto,"
akanong'ona mmoja wa Gredi ya Nane,
na kweli, kisayansi, hakukosea.
Kwamboka akachukua futikamba hata hivyo,
akapima toka sakafuni hadi kiganjani.
Sentimita mia moja na nne.
Hakuiandika penye mvua.
Aliiandika kando, kwenye maelezo,
na jina, na tarehe.
Nikatia sahihi.

Leo jua.
Mutheu ameinama mbele ya chupa kavu,
jicho sawasawa na kitako chake,
anahakikisha sufuri.