Ratiba ya Siku ya Nne

Mwaka mzima nilipanga: bima, kadi za homa ya manjano,
barua tatu kwa mkuu wa kitivo, vitanda kumi na viwili Fort Portal.
Mutukula niliwahesabu mara nne. Usiku, tena, kwa viatu mlangoni.

Leo saa tatu: mhadhara, udongo wa volkano.
Mvua ikaja saa mbili na nusu.

Nikawakuta jikoni kwa Bi Kabahenda, wamechuchumaa,
Nasra akimenya matoke, mikono myeusi kwa utomvu,
akiuliza shamba hili lina umri gani,
nani alilirithi,
kwa nini si dada zake.

Kalamu ya mahudhurio nilikuwa nayo.
Nikaipachika sikioni, nikaomba kisu.