Nani Yumo

Jumamosi, saa nne asubuhi, Chumbageni.
Diski mpya iko mezani, bado imo mfukoni mwake,
na mashine kuu ya bili za maji haizimwi
mpaka ujue nani yumo.
Huondoi ngazi kabla ya kutazama juu ya paa.

Nikaandika ile amri fupi, herufi tatu tu,
ambayo kwetu tungeiita *nani*.
Nikabonyeza.
Ikanijibu kwa mstari mtupu.
Si kosa, si onyo, si "huna ruhusa".
Kimya,
na kile kijiti kikipepesa, kikiningoja niseme jingine.

Nikarudia, kama mtu apigaye hodi ya pili
huku anasikia sufuria jikoni.

Nikampigia Kibibi, tawi la Pongwe.
"Umo kwenye mfumo?"
"Nimo tangu saa mbili. Niko mita ya mia na kumi na tatu,
usinizimie dada, kidole kinaniuma."
Kibibi yumo. Mashine yasema hayumo.
Na mimi ninayeuliza, niliyeingia saa moja na nusu?
Kwa hesabu yake hata mimi sipo.
Nikajipapasa: funguo zipo, karanga zipo.

Ukifika hapo usigombane na amri.
Amri haina macho, inasoma daftari,
na daftari likinyamaza nayo inanyamaza.
Nikalifuata daftari kwenye kabati lake.
Lipo. Ruhusa sawa. Ukubwa: sifuri.

Ni Mbelwa. Aliambiwa diski imejaa, apunguze,
akatunga ufagio unaojifagilia wenyewe
kila Jumamosi saa tatu kamili,
ukazoa kumbukumbu za mwaka juzi
na orodha ya waliokaa sebuleni.
Sikumlaumu. Aliyemtuma
hakumwambia takataka ni ipi.

Basi nikaacha kuuliza majina, nikauliza kazi:
mikono gani inashika nini sasa hivi?
Hapo wakajitokeza.
Kibibi na mita zake.
Mimi na swali langu.
Na wa tatu, Kihiyo,
siku ya thelathini na nne mfululizo,
ameshika barua.

Kihiyo alishahamishwa. Yuko Korogwe.
Kiti chake tumewekea feni mbovu.
Nikafungua nakala ya dharura ya ile barua,
niliapa kusoma mstari mmoja tu:
*Yah: Kuomba kubaki Tanga.*
Chini yake, *Husika na kichwa cha habari hapo juu.*
Chini yake, hakuna.

Nikampigia. "Kuna barua yako humu, haijahifadhiwa."
Naye akanijibu kwa mstari mtupu.
Nyuma yake pikipiki ikapita, mtoto akalia.
"Ifunge tu," akasema.
Nikasema sawa.
Nikaihifadhi kwanza, kwa jina lake, ndipo nikafunga.

Kibibi alimaliza saa sita kasorobo.
Ufagio nikauondolea lile kabati,
diski ikakaa, mashine ikaamka,
nikauliza tena *nani*,
ikanitaja mimi peke yangu,
na saa niliyoingia.
Sikudhani jina langu lingenifurahisha vile.

Getini Semhando akanisogezea daftari lake,
lile la karatasi, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi.
"Dada Mwanshamba, jana hukusaini kutoka."
Nikatazama. Kweli.
Kwa mujibu wa kitabu nililala ofisini,
na watoto wangu kule Mabawa
walipakuliwa wali na nani sijui.
Nikaandika saa ya jana, kwa kukisia,
kisha ya leo.