Kulizunguka Jiwe

Nyumba yetu ya Igogo ina jiwe sebuleni.
Sijakosea: sebuleni. Linaanzia chini ya kabati la vyombo,
linatokea kwa jirani, Mama Holo,
ambaye huanika dagaa juu yake.
Baba alipolikuta hakulitukana.
Alilipima kwa kamba, akavuta sigara mbili,
akajenga ukuta ukalikumbatia.

Kaka yangu Nkwabi angelichoma.
Wapo wafanyao hivyo: tairi kuukuu mgongoni mwake,
moto tangu adhuhuri, kisha ndoo za maji ya ziwa,
na mlima mzima unasikia paa!
Siku nyingine jiwe linapasuka.
Siku nyingine unabaki na moshi, na deni la matairi.

Nkwabi ndiye aliyenifundisha sataranji,
ubao umechorwa kwenye katoni ya sabuni,
farasi mmoja kizibo cha soda.
Akanipa ufunguzi wake kama mtu anayekurithisha viatu:
askari wa mfalme, hatua mbili,
kisha yule wa ubavuni mwake, mtoe, mtoe bure,
mlango ubaki wazi, upepo uingie.
"Wakimla, wameumia. Wasipomla, wameumia."
Nikaumia mimi. Miaka sita.

Kila Jumamosi, juu ya duka la nondo pale Makoroboi,
Bwana Lugembe, mfamasia wa Pasiansi,
alimla askari wangu, akashukuru, akaagiza chai.
Nami nikahangaika kutafuta radi,
mimi ambaye hata kiberiti
nakiwasha mara tatu.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Mvua.
Nikalala sebuleni, mgongo kwenye jiwe
(hata gizani unalijua, lina ubaridi wake)
nikajiuliza: hivi mikono hii
nimeirithi kwa nani?

Jumamosi nikasukuma askari wa malkia.
Askofu nikamtoa nje kwanza,
kama fundi atoavyo ngazi kabla hajaziba mlango,
ndipo nikawapanga askari mshazari, bega kwa bega,
kama vipandio vya kwetu mlimani.
Hatua ya kumi: hakuna kilichotokea.
Hatua ya ishirini: hakuna kilichotokea,
ila Lugembe aliacha chai ikapoa.
Hatua ya thelathini na nne farasi wangu alikuwa ameketi
katikati ya nchi yake, kwenye mraba
ambao hakubaki askari hata mmoja wa kumfukuza.

"Umeshinda?" Nkwabi aliuliza, simu inakwaruza kutoka Geita.
"Sare."
"Saa tatu, halafu sare?"
"Lakini alikuwa akijikuna shingo, Nkwabi. Yeye!"
Akanyamaza. Kisha akaniambia nimtajie kete zilivyokaa,
moja moja, nami nikazitaja,
na kabla sijamaliza akapiga ukelele:
"Askofu wako wa pili! Mtoe kafara mlangoni kwa mfalme,
hatua nne, kwisha!"

Nikakaa na simu sikioni.
Ilikuwapo. Ukuta wangu wenyewe ulikuwa umeijenga nafasi ile,
na mimi nikaendelea kusawazisha mawe.

Leo nimesogeza kabati nifagie.
Nyuma yake, pale jiwe linapokutana na kizingiti,
kuna pembe iliyomeguka, imekoza masizi
ya zamani kuliko mimi.
Nimeigusa. Kidole kikatoka cheusi.
Baba, hata wewe?